Bibi, dogo wa uwakala na elfu kumi iliyokosekana: kisa cha Ujiji

Kisa hiki kimetokea Ujiji hapa Kigoma. Mtaa wenyewe siutaji na majina siyataji, maana wahusika wote wapo na wanaonana kila siku sokoni. Nitawaita Bibi, dogo wa uwakala (kijana anayetolea watu hela za kwenye simu), mjukuu, na mtoto wa Dar. Kwenye kikao cha kuwapatanisha nilikuwepo kwa sababu mjumbe wa mtaa aliniomba niandike muhtasari, kwa hiyo ninachoeleza nimekisikia kwa wahusika wenyewe, na pale maneno yalipopingana nitasema yalipingana.

Nimeamua kuandika kwa sababu kila nikikisikia kisa hiki mtaani kinasimuliwa vibaya. Vijana wanasema wazee wana gubu, wazee wanasema watoto wa siku hizi hawana adabu, basi, stori inaishia hapo kila mtu anaondoka na upande wake. Mimi nimekaa nikalifikiria hili jambo na naona hapa adabu ilikuwepo, tena nyingi tu, na watu wakaumizana hivyo hivyo. Ndo maana linanisumbua.

ILIVYOTOKEA

Bibi ni Mmanyema mzaliwa wa hapo hapo Ujiji, ana miaka sabini na kitu. Miaka mingi alikuwa anauza mawese, ananunua madumu kwa wakamuaji vijijini anakuja kupima rejareja sokoni, na biashara hiyo ndo imesomesha watoto. Sasa miguu imegoma, presha nayo ipo, anakaa na binti yake na mjukuu wa kike wa kidato cha tatu. Mtoto wake wa kiume yuko Dar, na kwa kweli huyu mtoto hajamtupa mama yake, kila mwezi anatuma hela.

Simu ya Bibi ni kiswaswadu, kile kisimu kidogo cha kubonyeza, mfuniko wa nyuma umelegea kwa hiyo kaufunga na rababendi, na ukifungua huo mfuniko, juu ya betri kuna kikaratasi kimekunjwa mara nne kimeandikwa namba ya siri. Nyumba nzima wanakijua hicho kikaratasi. Mjukuu anakijua, binti anakijua, na dogo wa uwakala anakijua kuliko wote maana ndo anayekifungua kila mwezi.

Huyo dogo ni Muha wa Kasulu, ana miaka ishirini na mbili au tatu, kaajiriwa na mwenye kibanda, floti, yaani hela ya kuzungushia miamala, sio yake na kibanda sio chake. Kibanda kiko karibu na soko, meza, mwamvuli, daftari la kuandikia miamala na benchi moja. Ni kijana mpole, hili hata waliomgombeza kwenye kikao walikubali. Akija mzee wa Kiha anasimama, anapiga vikofi vile vya taratibu, anamsalimia kwa Kiha, mwakeye, anaulizia nyumbani. Akija Bibi anampa shikamoo na anamfuata barabarani kumshika mkono avuke.

Utaratibu wao ulikuwa hivi. Bibi akifika, hata kama kuna watu sita kwenye foleni, dogo anasema jamani tumpishe bibi, watu wanampisha. Kisha "lete simu bibi", anafungua rababendi, anasoma kikaratasi, anaingia kwenye menyu, kutoa pesa, namba ya wakala, kiasi, namba ya siri, kwisha. Anahesabu noti anampa, anarudisha kikaratasi, anafunga rababendi, anaandika kwenye daftari, Bibi anatia sahihi yake pale anapoonyeshwa na kidole. Dakika mbili hazifiki. "Karibu tena bibi." Bibi anamuombea dua anaondoka.

Mwezi huo wa kumi, mvua zimeshaanza kunukia, bati la jikoni kwa Bibi linavuja. Mtoto wa Dar akapiga simu alhamisi usiku, mama nimekutumia elfu sitini na ya kutolea juu, tengeneza jiko. Bibi akaongea na fundi, wakakubaliana bati na kazi, fundi aje jumapili. Jumamosi Bibi akaenda kwa dogo. Siku hiyo kulikuwa na watu wengi, wengine wametoka Kibirizi kuuza dagaa wanataka kuweka hela zao haraka wapande gari. Dogo akafanya kama siku zote. Aliangalia salio akaona imebaki hamsini na tatu na kitu, akatoa hamsini, akampa. Hakumuuliza unatoa shilingi ngapi na wala hakumwambia salio lilikuwa shilingi ngapi. Bibi naye hakuhesabu pale, na nilipomuuliza kwa nini, akanijibu nihesabu mbele ya mtoto aliyenipisha foleni? Ataona namshuku.

Hebu lishike hilo jibu, tutalirudia.

Jumapili fundi kaja, kashusha bati, Bibi anatoa hela kwenye kitambaa anahesabu, hamsini. Akahesabu tena, hamsini. Fundi kasimama pale mlangoni anamtazama. Mtu mzima wa umri ule, aliyepima mawese maisha yake yote na hajawahi kudaiwa, leo anamwambia fundi kijana subiri kidogo hela haijatimia. Fundi alifanya kazi nusu akaondoka, na kwa maneno ya binti yake, Bibi hakula siku hiyo.

Jumatatu asubuhi akaenda kibandani. Hakusalimiwa na hakungoja kusalimiwa. Akasema mbele za watu, "Wewe mtoto, elfu kumi yangu umeipeleka wapi?" Dogo anasema alicheka kwanza, alidhani utani. Waliokuwepo wanasema hakucheka. Hapo maneno yalipingana na sijapata wa kuyaamua. Ila yaliyofuata hakuna anayeyakataa. Bibi alirudia kwa sauti kubwa, akasema mwizi, akasema kumbe huu upole wote ni wa kunichukulia hela, na umeanza lini, miezi mingapi umenikata. Dogo akapandisha: "Bibi usinichafulie kazi, mimi sio mwizi, kama simu huijui baki na hela zako chini ya godoro." Watu wakaguna. Mmoja alikuwa ameshawasha simu anarekodi, na kabla ya adhuhuri sauti ya ugomvi ilikuwa kwenye grupu la mtaa, na kabla ya alasiri mtoto wa Dar alikuwa ameshaisikia, akampigia dogo akamwambia nikija huko nakuweka ndani. Mwenye kibanda naye akampigia dogo, akamwambia kesho usifungue mpaka hili liishe.

KIKAO

Tulikaa barazani kwa Bibi baada ya swala ya alasiri. Alikuwepo mjumbe, mzee mmoja wa msikitini, mwenye kibanda, dogo na mama yake mdogo anayeishi Gungu, binti wa Bibi, mjukuu, na mwalimu mmoja mstaafu wa kike, jirani, ambaye kwa maoni yangu ndiye aliyekiokoa kile kikao.

Nusu saa ya kwanza ilipotea yote. Mzee wa msikitini alizungumzia adabu, kwamba mtoto hapandishi sauti kwa mtu mzima hata kama mtu mzima kakosea, mkubwa ni jalala, lakini jalala halitupiwi mawe. Mama mdogo wa dogo akasema huyu kijana ndo anayelisha wadogo zake Kasulu, akiitwa mwizi nani atamwachia simu tena. Binti wa Bibi akalia. Wote wanaongea kweli na hakuna anayeongelea elfu kumi.

Ndo mwalimu akasema, iko wapi hiyo simu? Akapewa. Akavaa miwani, akaingia kwenye meseji, akaanza kusoma moja moja kwa sauti. Kazi yenyewe ilikuwa ndefu maana sanduku limejaa matangazo, jishindie, nunua kifurushi, piga hii upate ile, na katikati ya hayo matangazo kukawa na meseji ya alhamisi usiku, umepokea shilingi sitini na tatu elfu, jina la mtoto wa Dar. Akaendelea. Ijumaa mchana, umenunua kifurushi cha elfu mbili. Ijumaa jioni, umetuma shilingi elfu saba, na jina la mtu ambaye Bibi hamjui. Makato yake. Kisha jumamosi, umetoa hamsini elfu kwa wakala, jina la kibanda.

Mwalimu akanyamaza. Hakuna aliyemtazama mjukuu, lakini mjukuu mwenyewe akajifunika uso na mtandio. Bando lilikuwa lake, elfu saba alimtumia rafiki yake aliyekuwa anadaiwa mchango wa mahafali shuleni, alitaka kumrudishia Bibi kabla ya mwisho wa mwezi. Hivyo alivyosema. Mama yake akanyanyuka kwenda kumpiga, mjumbe akamzuia.

Sasa hapo watu wengi wanaosimulia hiki kisa wanamalizia, kumbe mjukuu, basi, dogo hana kosa. Lakini kile kilichonigusa mimi kilikuja baadaye kidogo. Bibi akamwambia mwalimu, nipe hiyo simu. Akaishika mbali na macho, akaisogeza, akaipeleka kwenye mwanga, akaanza kusoma. Polepole, silabi kwa silabi, u-me-po-ke-a. Akasoma mpaka mwisho. Dogo akatoa macho, "Bibi kumbe unajua kusoma?" Bibi akamwambia nimesoma ngumbaru, nilikuwa nashinda na mtoto mgongoni darasani, wewe ulidhani hesabu za mawese nilikuwa naweka wapi?

Kwa wasiojua, mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na nchi nzima watu wazima wakaingia madarasani jioni, chini ya miembe, kwenye majengo ya shule watoto wakishatoka, wengine wanafundishwa na vijana wadogo kwao kabisa. Ngumbaru ndo hiyo. Wazee wengi tunaowaona leo wanatupa simu wanasema nisomee, kusoma walijifunza, tatizo ni macho, maandishi ya kiswaswadu ni madogo, na menyu inakuharakisha, ukichelewa inajitoa. Kwenye ile familia hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Bibi kama anasoma. Mjukuu anayeishi naye hakujua. Dogo aliyeshika simu yake kila mwezi hakujua. Wote walikuwa wanamsaidia.

SASA NANI ALIKOSA NINI

Mimi nianze na dogo, maana ndiye niliyemuonea huruma zaidi na ndiye nataka kuwa mkali kwake.

Kosa lake kubwa watu wanasema ni lile neno la godoro. Lile neno ni baya, ndiyo, na alistahili kuliombea radhi, lakini lilitoka kwa kijana aliyeitwa mwizi mbele ya wateja wake, yeyote angeweza kuteleza. Kosa lenyewe lilianza zamani, kwenye zile dakika mbili. Alimpisha Bibi foleni, na kwa kuwa kampisha ikabidi amalize haraka wale waliosimama wasinune. Sasa ukimharakisha mzee ili wengine wasinung'unike, umemheshimu kwa lipi? Tumewafundisha vijana wetu kumpisha mzee, hatukuwafundisha kumsubiri. Na sio dogo peke yake. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na ukienda hospitali nyingi siku hizi utakuta dirisha la wazee, ni jambo zuri sana na walipigania watu. Ila nimesimama kwenye madirisha ya aina hiyo na bibi wengine, mzee anapita mbele kweli, halafu akifika pale anaongea na yule kijana aliyemleta, huyu anaumwa nini, anakunywa dawa gani, mzee mwenyewe yupo hapo hapo anatazama kama mzigo uliosindikizwa.

Dogo angesema tu maneno mawili. "Bibi, salio ni hamsini na tatu, unatoa ngapi?" Basi. Bibi angesema pale pale, mbona mtoto kasema sitini, wangefungua meseji, wangeiona elfu saba, na ugomvi ungekuwa wa nyumbani kwao, usingefika sokoni. Sio suala la kufundisha mzee teknolojia wala semina. Ni kumuuliza mwenye hela kuhusu hela yake.

Na hiyo namba ya siri. Wakala hatakiwi kuijua namba ya siri ya mteja, hilo dogo analijua, kafundishwa. Akajitetea kwamba Bibi mwenyewe ndo anampa. Ni kweli, lakini angalia tunavyowachanganya hawa wazee. Redio kila siku inawaambia usimpe mtu yeyote namba yako ya siri, kuna matapeli, kuna zile meseji za "ile hela nitumie kwenye namba hii", kuna wanaopiga kujifanya walimu, mwanao kaanguka shuleni tuma hela ya hospitali. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wameweka mpaka namba 15040 ya kuripotia meseji kama hizo. Mzee anayasikia yote, anaogopa. Halafu huyo huyo akifika kibandani au nyumbani anaambiwa lete simu bibi. Kwa hiyo anaishi na hofu ambayo hana pa kuiweka, siku hela ikikosekana hofu yote inamwangukia aliye karibu. Dogo aliangukiwa na hofu ambayo hakuitengeneza peke yake, lakini kwa kushika ile namba alijiweka pale inapoangukia. Kama asingeijua, Bibi asingekuwa na cha kumshuku nacho.

Tuje kwa Bibi. Hapa najua wengine hawatapenda, lakini nitasema. Kumwita mtu mwizi hadharani kabla hujauliza ni kosa, na umri haulifuti. Wala sio kosa dogo kwa kijana wa kazi ile. Wakala hana mali ila kuaminiwa, watu wanampa simu zao na hela zao kwa sababu wanamwamini uso wake, na maneno ya mzee yana uzito kuliko ya mtu mwingine yeyote, mzee akisema mwizi mtaa hauulizi ushahidi. Kwa hiyo ule uzito tunaowapa wazee kwa heshima, Bibi aliutumia kumpiga nao mtoto ambaye hana wa kumjibia. Hasira yake naielewa, aibu ya mbele ya fundi naielewa sana, lakini aliihamisha aibu kutoka kwake kwenda kwa mwingine.

Na lile jibu nililosema tulishike, kwamba hakuhesabu kwa kuogopa ataonekana anamshuku. Hii ni adabu yetu ya Ujiji kabisa, na ni adabu nzuri kwenye mambo ya kupeana mchele na chumvi. Kwenye hela inatuponza. Hukuhesabu kwa heshima, ukaenda kuhesabu nyumbani kwa shaka. Mtoto wa watu angehesabiwa mbele yake asingeona kavunjiwa heshima, angefurahi, maana yeye ndo anayelipa floti ikipungua. Mwenye kibanda alisema hivyo hivyo kwenye kikao, mteja ninayempenda ni anayehesabu.

Mjukuu sina mengi. Alichukua kisicho chake, akaona kwa kuwa Bibi hasomi meseji hakitaonekana, na siku ugomvi unasikika mtaa mzima alikuwa ndani amenyamaza. Huko kunyamaza ndo kubaya kuliko elfu saba. Mwenzio anaitwa mwizi kwa kosa lako nawe unasikia.

Mtoto wa Dar. Huyu hakuwepo kikaoni na hakuna aliyemgusa, kwa sababu ndiye anayetuma hela, na anayetuma hela kwenye familia zetu haulizwi. Mimi namuuliza. Laini ya Bibi imesajiliwa kwa jina la binti yake, kwa sababu ule mwaka wa usajili wa alama za vidole, zile foleni za mwisho wa 2019 mpaka laini zilipoanza kuzimwa Januari 2020, mashine ilikataa kusoma vidole vya Bibi, vimesuguliwa na kazi. Simu yenyewe ni ya kurithi. Namba ya siri kaiweka mjukuu. Mtoto anatuma hela kila mwezi kwenye simu ambayo mama yake hana hata kimoja ndani yake kilicho chake, na hajawahi kumpigia jumamosi kumuuliza mama umetoa ngapi, zimetosha? Angeuliza mara moja tu. Msaada wake ni mkubwa na sisemi vinginevyo, wapo wengi hawatumi hata mia. Lakini aliposikia ile sauti kwenye grupu, simu yake ya kwanza aliipiga kwa dogo kumtishia. Kwa mama yake alipiga usiku.

WALIVYOMALIZANA

Suala la nani aanze kuomba radhi ndo lilituchukua muda kuliko yote, mpaka maghrib ikakaribia. Mzee wa msikitini akasema mtoto kwanza, na mkubwa haombi radhi kwa mtoto, anasamehe tu. Mwalimu akakataa, akasema aliyeitwa mwizi na sio mwizi ndo anadai, umri wake haumpunguzii haki. Wakavutana kwa heshima, kila mmoja anamwita mwenzie ndugu yangu, lakini walivutana.

Mimi kwa hilo niko katikati kidogo. Naona mtoto akianza anamfungulia mkubwa mlango, kwa desturi zetu mzee akilazimishwa aanze yeye atajifunga na utamkosa kabisa. Ila mlango ukishafunguliwa lazima mkubwa apite. Yale ya kusamehe tu halafu kimya, mtoto anabaki na jina lake chafu, hapana.

Dogo alimaliza ubishi mwenyewe. Alitoka kwenye kiti akachuchumaa mbele ya Bibi, akampa mikono miwili, "Bibi nimekukosea, lile neno la godoro silali nikilikumbuka, na nilikuwa nakutolea hela bila kukuuliza." Hiyo sehemu ya pili hakuna aliyemfundisha.

Bibi alikaa kimya muda mrefu. Kisha hakusema samahani, alisema hivi, nimeliandika kama alivyolisema: "Mjukuu wangu, nilikuchafua pale sokoni. Hapa barazani watu nane, pale walikuwa wengi. Kesho utafungua saa ngapi?"

Kesho yake asubuhi alienda kweli, binti yake kamshika mkono, akasimama pale pale kwenye mwamvuli, wauza ndizi na wauza migebuka wote wanasikia, akasema huyu mtoto sio mwizi, hela yangu ilipotelea nyumbani kwangu, niliyemsema nimemsema kwa hasira, mleteeni simu zenu. Hakumtaja mjukuu. Akakaa kwenye benchi akanunua maji.

Kuhusu mjukuu, mama yake alitaka adhabu, mjumbe akapendekeza awe anamsomea Bibi meseji kila jioni. Bibi akakataa katakata, simu yangu asiiguse. Wengine waliona kamnyima mtoto nafasi ya kurekebisha, mimi naona alikuwa na haki, hasira yake bado ilikuwa mbichi na asingeweza kujifanya imepoa kwa ajili ya kufurahisha kikao. Elfu tisa mjukuu analipa kidogo kidogo kwa kuuza maandazi ya mama yake jumamosi. Wanaongea, ila sio kama zamani, na hilo litachukua muda wake.

Mwezi uliofuata nilipita pale kibandani nikakuta kitu ambacho kwenye muhtasari sikukiandika. Namba ya siri imebadilishwa, kikaratasi hakipo. Bibi kakaa kwenye benchi, dogo kasimama pembeni kageuzia uso barabarani, anamwambia kwa mdomo, sasa bibi weka namba ya wakala, hii hapa nimekuandikia kubwa kwenye kadibodi, sasa kiasi, sasa namba yako ya siri mimi sitazami. Menyu ikajitoa. Wakaanza upya. Ikajitoa tena. Kwenye foleni kijana mmoja wa bodaboda akasema aah wakala si umfanyie tu twende, dogo akamjibu bila kugeuka, hela sio yako wala sio yangu, subiri. Mara ya tatu ikakubali. Meseji ikaingia, Bibi akaipeleka kwenye mwanga akaisoma yote mpaka salio, akahesabu noti pale pale mezani moja moja, na dogo anahesabu naye.

Yule wa bodaboda aliondoka kwenda kibanda kingine, na wateja wa namna hiyo watakuwepo. Mwenye kibanda anasema foleni imekuwa ndefu siku za mwisho wa mwezi kwa sababu wazee wengine wawili watatu nao wamesema wanataka kubonyeza wenyewe. Anafikiria kuweka meza ya pili, hajaamua.

Grupu la mtaa, ile sauti haijafutwa. Mjumbe aliandika pale kwamba jambo limeisha na dogo hana hatia, waliojibu ni wachache mno kuliko waliokuwa wanachangia siku ya ugomvi. Mama mzazi wa dogo kule Kasulu aliisikia, mtu alimrushia, na dogo ilibidi ampigie kumweleza mwanzo mpaka mwisho.

Mtoto wa Dar bado anatuma hela kila mwezi, na siku hizi anauliza zimefika ngapi. Ila yeye hajampigia dogo. Namba yake anayo, ndo ile ile aliyoipigia siku ile kumtishia kumuweka ndani.